Maji ya Alhamisi

Inspekta Sumaiya Mvungi alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, akaupakata mkoba wake kama mtu aliyebeba mayai. Ndani ya mkoba mlikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha kiasi cha kijiko kimoja cha udongo mkavu wa kijivu. Aliukwangua kwa mkono wake mwenyewe, siku nne zilizopita, chini ya madigadi ya gari lililokuwa limelala nyuma ya kituo cha polisi Same.

Barabara inayopanda Ikunde kutoka Makanya ni nyekundu kuanzia tambarare hadi mlangoni pa kanisa. Asubuhi hiyo alikuwa ameipanda yote huku macho yake yako chini. Hakuona kijivu popote.

Kanisa lilikuwa limejaa. Wana wa Ikunde waliotawanyika mijini walikuwa wamerudi kwa Krismasi, na usharika ukaichagua Jumamosi hiyo iwe siku ya ibada ya kumbukumbu. Mbele, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, zilisimama picha mbili. Ya kwanza ni ya Mama Dagmar Holm, mmishenari kutoka Denmaki, aliyefungua zahanati ya Ikunde miaka arobaini na mmoja iliyopita. Ya pili ni ya binti yake Lisbet, aliyezaliwa hapo hapo mlimani, akapewa na wanawake wa kijiji jina la Nakunda, akaenda Ulaya kusomea ukunga na kurudi. Mama na mwana walikufa pamoja Alhamisi ya mwisho ya Agosti. Gari la misheni liliteleza kwenye kona iliyo chini ya kanisa, likabingirika hadi korongoni.

Dereva wao, Yoeli Kakuta, alitoka na mbavu tatu zilizovunjika. Tangu siku ya kwanza, kitandani hospitalini, alisema kulikuwa na tope kwenye kona. Askari wa trafiki waliofika saa tano asubuhi waliandika: "Hali ya barabara: kavu. Chanzo: mwendo wa kasi." Agosti huwa hakuna mvua. Yoeli akaonekana mwongo, na kwa mtu aliyeua wapendwa wa watu, uongo ni kosa la pili. Dhamana ilikuwa wazi, ila ilitaka wadhamini wawili wa Ikunde wenye barua ya mtendaji wa kijiji. Hakuna aliyejitokeza. Sasa alikuwa na miezi minne mahabusu, na Jumanne mashahidi wa mashtaka wangeanza kusikilizwa.

Sumaiya hakuwa mpelelezi wa kesi hiyo. Alikabidhiwa tu kazi ya kupanga vielelezo vya Jumanne, na kwenye kuvipanga ndipo akakuta udongo ambao haukupaswa kuwepo. Mkuu wake alimpa hadi Jumatatu.

Muuguzi wa zahanati, Ernesta, alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno.

"Asubuhi ile Mama alikuwa anapelekwa kufanyiwa upasuaji wa macho. Angerudi baada ya wiki mbili. Walipanga kuondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Lakini Mama hakusafiri bila kuombewa. Mzee Melkizedeki akaomba, na sisi tukaimba wimbo wa msafiri, beti zote sita. Wakaondoka saa kumi na mbili kamili. Kwa hiyo hatuna deni nao. Tuliwaaga vizuri."

Kanisa zima likashusha pumzi. Kwenye viti vya wazee wa kanisa, mzee mmoja mrefu aliyevaa koti la kahawia aliinamisha kichwa na hakukiinua tena. Sumaiya aliandika kwenye kijitabu chake: *11.30. 12.00. Nusu saa.*

Kisha waumini wakapanga mstari kupita mbele ya meza. Sumaiya alipanga mstari nao, ingawa yeye ni Mwislamu wa Shighatini, Ugweno, na hakujua kama anatakiwa kuinama. Pembeni ya picha waliweka vitu vya marehemu: miwani, kipimo cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, na kitabu cha nyimbo cha Mama, kilichookotwa garini. Kitabu kilikuwa kimevimba kama kilichowahi kulowa. Kingo za kurasa zake zilikuwa za kijivu.

Aliinama. Waliomwona walidhani anatoa heshima.

*

Nje, moshi wa kuni ulikuwa unapanda nyuma ya kanisa, na wanawake walikuwa wanapakua makande kutoka kwenye masufuria matatu. Mbali na watu wote, juu ya mawe ya ukuta, alikaa mwanamke mmoja wa tambarare, shuka lake la bluu limefunikwa vumbi la safari. Sumaiya alimfahamu. Mwezi mzima uliopita alikuwa akija kituoni kila siku ya gulio.

"Naisula. Umefika lini?"

"Jana, afande. Nimelala kwa mama mmoja Mwislamu wa pale chini, Zaituni. Wengine walisema nyumba zimejaa."

"Umekula?"

"Nimepita kwenye sufuria mara mbili. Kila nikifika, mwiko unakumbuka kazi nyingine." Alicheka kidogo, bila furaha. "Si neno. Sikuja kula. Nimekuja wanione. Wakisema mume wangu kaua, waseme mke wake akiwa mbele yao."

"Yoeli anakunywa?"

"Maziwa."

Sumaiya alimwacha, akamfuata Ernesta kwenye baraza la zahanati. Muuguzi alikuwa ameshavua viatu vya ibada na kuvaa ndala.

"Afande wa Ugweno," alisema Ernesta, "tumeambiwa umekuja kusali. Nikasema haya, maajabu hayaishi."

"Nimekuja kuuliza. Nani anapima mvua hapa?"

"Mama ndiye aliyepima, miaka yote. Sasa ni mimi." Alimletea daftari lenye jalada gumu. Safu za tarehe zilinyooka kama mashamba ya matuta. Wiki tatu za mwisho za Agosti zilikuwa sifuri, moja chini ya nyingine, kwa mkono wa Mama Dagmar. Alhamisi ya mwisho nayo ilikuwa sifuri, kwa mkono mwingine.

"Siku hiyo hiyo ulikumbuka kupima?"

"Angeniuliza."

Sumaiya alifunga daftari. "Hakukuwa na mvua. Lakini kitabu cha Mama kilichopo mezani kimewahi kulowa, na kina udongo wa kijivu. Nguo walizovaa ziko wapi?"

"Tulizifua."

"Nani alizifua?"

"Mimi. Niliwaosha wote wawili na nikafua nguo zao. Ungetaka tuwazike na uchafu?"

"Gauni la Lisbet lilikuwa na udongo gani?"

Ernesta aliangalia ndala zake. "Gauni linafulika, afande. Kitabu hakifuliki. Niliwaambia wasikiweke mezani."

"Uliwaambia akina nani?"

Muuguzi alilichukua daftari, akaliweka kwapani. Sumaiya akaingia kwa njia nyingine.

"Ninyi Wapare wa huku mnasifiwa kwa kesi. Kuku akivuka mpaka, baraza linakaa siku tatu."

"Na ninyi wa Ugweno je? Mnapatana?"

"Hatupatani. Ndiyo maana nashangaa. Watu wawili mliowapenda wamekufa, na jalada zima lina shahidi mmoja wa Ikunde, naye amesema hakuona kitu. Kijiji cha watu mia nne hakina la kusema. Watu wananyamaza hivyo wakiwa hawajui, au wakiwa wanajua wote?"

Kule kwenye masufuria mtu aliita jina la Ernesta. Muuguzi akainuka haraka. Alipofika ngazini, akasimama, mgongo umemwelekea Sumaiya.

"Nenda kaangalie bustani ya Mama," alisema. "Iko chini ya kona. Usiniulize tena."

*

Bustani ilikuwa matuta kumi na mawili ya kabichi na karoti, na mfereji wa maji ulioifikia ulitoka mlimani, ukapita chini ya barabara ndani ya karavati ya mawe, pale pale konani. Sumaiya aliufuata mfereji kwa kurudi nyuma. Kingo zake zilikuwa zimekandikwa udongo wa mfinyanzi ili zisivuje. Udongo ulikuwa wa kijivu. Alitoa bahasha, akamimina punje chache kiganjani, akazilinganisha. Kisha akachukua sampuli ya pili, akaiandika namba.

Hatua tatu juu ya karavati, ukingo ulikuwa na kiraka kipya, kirefu kama mtu aliyelala. Na barabarani, chini ya kiraka, udongo mwekundu ulikuwa mwororo kuliko wa pande zote mbili. Mtu aliuleta kutoka kwingine na kuumwaga.

"Unatafuta nini kwenye mfereji wetu?"

Kijana wa miaka thelathini hivi alisimama juu ya barabara, suti ya ibada mwilini na jembe begani. Sumaiya alilijua jina lake: Anderson, mwana wa Mzee Melkizedeki, mtu wa kwanza kufika kwenye ajali. Jalada lilimtaja kwa lingine pia. Aliwahi kushindana na misheni juu ya mpaka wa kiwanja cha zahanati, akashindwa.

"Nani alikwambia niko hapa?"

"Ikunde yote inakuona, afande. Umevaa buti."

"Shahidi mmoja wa Makanya anasema asubuhi ile ulionekana hapa konani na jembe. Ulikuwa unalima barabara?"

Anderson alilitua jembe chini. Alionekana kama mtu aliyekwisha kupanga maneno yake kitambo.

"Andika. Maji niliyafungulia mimi, alfajiri ile. Nilikuwa na hasira na misheni. Nikayaelekeza barabarani. Baadaye nikafukia."

"Saa ngapi uliyafungulia?"

"Saa kumi na moja na robo."

"Umeitaja saa kwa uhakika mno." Sumaiya alifungua kijitabu. "Saa kumi na moja na dakika arobaini ulimpigia Ernesta simu kumwambia umepokea dawa za zahanati kutoka kwenye basi, Makanya. Bodaboda aliyekupandisha tumemhoji, na basi lina orodha ya mizigo yenye sahihi yako. Kutoka hapa hadi Makanya ni zaidi ya saa nzima kwa pikipiki. Huwezi kufungua maji huku ukiwa kule. Kufukia ulifukia. Nani alifungua?"

"Nimesema ni mimi."

"Umeambiwa na nani kwamba ilikuwa saa kumi na moja na robo?"

Macho yalimponyoka Anderson, yakaenda juu mlimani, yakarudi. Sumaiya alitazama kule yalikokwenda. Juu ya kanisa, kati ya migomba, kulikuwa na ukuta mpana wa mawe na udongo: ndiva, bwawa linalokusanya maji ya chemchemi usiku kucha ili yafunguliwe alfajiri. Kwao Ugweno walikuwa na mifereji pia, na alijua jambo moja kuhusu maji ya mlimani. Kila siku ina mwenyewe.

"Alhamisi ni zamu ya nani?" aliuliza.

Anderson alikaa chini barabarani na suti yake.

"Ya Mama," alisema. "Alhamisi ni ya Mama."

*

Mzee Melkizedeki alikuwa peke yake kwenye ukuta wa ndiva, koti la kahawia limekunjwa kando yake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ndiye mwangalizi wa maji. Fimbo ya kupimia kina, yenye alama za kisu, ilikuwa imesimama kati ya magoti yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nilidhani utakuja kabla ya chakula."

Sumaiya alikaa. "Nina mambo manne. Alhamisi ile ndiva ilikuwa imejaa na zamu ilikuwa ya Mama. Maji yalifunguliwa saa kumi na moja na robo. Bustani ya Mama haikufikiwa hata na tone. Na barabara ilikuwa na tope lenye udongo wa mfereji. Maji yaliishia konani. Hayo nimeyajua bila wewe. Sijajua kwa nini."

Mzee aliipapasa fimbo, alama baada ya alama.

"Kabichi zake zilikuwa zimeanza kufunga," alisema. "Anaondoka wiki mbili, na Agosti ile jua halikuwa na huruma. Kufungua maji ni kazi ya mwenye zamu, lakini alikuwa haoni vizuri gizani. Nikasema nitamfungulia mimi, akirudi azikute."

"Maji yakiachiwa hufuatwa na mtu?"

"Lazima. Maji hayatembei peke yake. Mmoja anatembea nayo na jembe, anaondoa majani, anafungua karavati. Watoto wote wa hapa nimewafundisha mimi." Alinyoosha fimbo kuelekea chini. "Kutoka hapa mpaka konani ni dakika arobaini. Nikasema nitapita kwa Mama, nimshike mkono, kisha nikimbie njia ya mkato, niikute karavati kabla ya maji. Nikafika pale, mizigo imepakiwa, Yoeli ameshawasha gari. Mama akasema, 'Melkizedeki, tuombee.' Ningekataa vipi?"

"Ukaomba."

"Nikaomba kwa ufupi. Mungu anajua niliomba kwa ufupi. Niliposema amina, akina mama wakaanzisha wimbo. Wimbo wa msafiri haukatwi, mwanangu. Ukiukata umemkata safari. Mzee wa kanisa siwezi kuondoka kati ya wimbo nimwache msafiri amesimama. Nikaimba. Nilikuwa nasikia maji yakishuka nyuma ya nyumba, nami naimba."

Sumaiya aliandika. Mkono wake ulikwenda kwa mwendo ule ule.

"Mngewaacha waondoke saa kumi na moja na nusu, wangekuwa wamepita kona kabla—"

"Nimeshahesabu," alisema mzee. "Kila Alhamisi nafungua maji, natembea nayo, naimba kwa sauti ya chini, nikianza pale tulipoanza. Nikianza, maji yako kwenye migomba ya Eliamini. Ubeti wa nne, yamefika karavati. Karavati siku ile ilikuwa na majani. Ubeti wa sita, yamevunja ukingo, yako barabarani."

Chini, kengele ya kanisa iligongwa kuita watu makaburini.

"Anderson alirudi, akakuta yanamwagika," mzee aliendelea. "Akafunga, akaziba, akafukia. Sikumtuma. Waliokuja kubeba maiti wote walirudi na miguu ya kijivu. Hawakuniuliza. Nikasema moyoni, nitasema kesho. Kisha polisi wakasema ni dereva, na kesho ikawa rahisi kuisogeza."

"Yoeli ana miezi minne ndani, babu. Ana watoto watatu. Ikunde nzima imekosa watu wawili wa kumwekea sahihi."

"Najua. Fomu ililetwa kwangu." Aliinuka kwa kuegemea fimbo. "Niliirudisha."

Hilo Sumaiya hakuwa nalo. Aliliandika.

"Kituoni utarudia yote haya na kuweka sahihi. Kuna kosa la kuharibu barabara kwa uzembe, kuna la kuficha ukweli wakati wa upelelezi. Mwanao naye ataitwa, na muuguzi. Mengine ataamua mwendesha mashtaka. Siwezi kukuahidi kitu."

"Sijaomba kuahidiwa. Naomba nipite pale kwanza."

*

Watu walikuwa wamezunguka makaburi mawili yenye misalaba mipya ya saruji. Mzee Melkizedeki hakwenda kwenye makaburi. Alipita katikati ya watu hadi kwenye mawe ya ukuta, akasimama mbele ya Naisula, akavua kofia.

"Mama, mumeo alisema kweli. Tope lilikuwepo. Maji yalikuwa yangu."

Naisula alimtazama kutoka chini, muda mrefu.

"Miezi minne, mzee."

"Miezi minne."

"Na hawa wote walijua?"

Mzee hakugeuka nyuma. Lakini kwenye masufuria miiko ilikuwa imesimama, na Ernesta alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Mchungaji alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga tena. Hakuna aliyeanzisha wimbo.

"Afande," Naisula alisema, "Jumanne ataachiwa?"

"Jumanne hakimu atakuwa na udongo huu mezani, na maelezo ya mzee. Hicho ndicho ninachojua."

Naisula aliinuka, akakung'uta shuka lake. "Basi twende. Niko tayari."

Gari lilikuwa moja. Sumaiya alikaa mbele, pembeni ya dereva. Nyuma walikaa wawili, mjane asiyekuwa mjane na mzee wa maji, na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Mzee aliiacha fimbo ya kupimia kwa Anderson na kumwambia kesho ni Jumapili, ndiva haifunguliwi.

Walipofika konani aliomba gari lisimame. Dereva alimtazama Sumaiya, Sumaiya akakubali kwa kichwa. Mzee alishuka polepole, akapiga goti kwenye mdomo wa karavati, akaondoa majani mawili. Kisha akaweka kiganja barabarani, pale palipomwagwa udongo mwororo, akakiacha hapo kwa muda. Aliporudi garini, kiganja kilikuwa chekundu kwa vumbi, bila kijivu, naye alikionyesha kwa Naisula kama mtoto anayekaguliwa kabla ya kula.

"Kavu," alisema.